Diski Imeanza Kugonga: La Kufanya Ukiwa Iga Barrière

Kama kompyuta yako iko mbele yako sasa hivi na inatoa mlio wa kugonga, tak, tak, tak, izime kwanza. Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka kioo kiwe cheusi. Usiisubiri Windows ifunge kwa taratibu zake, wala usijaribu kuokoa faili moja la mwisho. Ukishaizima, rudi usome kwa utulivu.

Ndani ya diski ya kawaida mna sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na katika mashine nyingine 7,200. Juu ya kila uso wa sahani kuna kichwa cha kusomea kinachoelea pasipo kuugusa, na nafasi iliyopo kati yao ni nanomita chache tu. Kichwa kikiharibika kikaanza kugusa, kinakwangua utando wa sumaku, na utando huo ndio barua zako, picha zako na orodha zako. Kilichokwanguliwa hakirudi, hata ukiipeleka diski Kampala au Dubai. Kwa hiyo kila dakika inayozunguka bila sababu inapunguza kile kitakachookolewa.

Iga Barrière iko kilomita 25 hivi kutoka Bunia, kwenye barabara ya taifa namba 27, pale njia ya Mongbwalu inapoachana na ile ya Fataki na Mahagi. Kompyuta hapa si nyingi kama mjini, na ndiyo maana kila moja hubeba mambo ya watu wengi. Mashine ya sekretariati ya kando ya barabara huwa na barua za kuomba kazi, bulteni za shule, orodha za watahiniwa wa Exetat (mtihani wa taifa), kadi za wapiga kura zilizoskaniwa kwa sababu ndizo kitambulisho cha watu, na kazi ya mwisho ya mwanafunzi wa chuo cha Bunia ambaye hana nakala nyingine popote. Katika wilaya kama Djugu, ambako watu wamekimbia makwao zaidi ya mara moja na kuacha makaratasi yakiungua, skani iliyomo ndani ya kompyuta ya jirani huenda ndiyo hati pekee iliyobaki. Kabla hujafikiria bei ya diski mpya, jiulize ndani mna nini na ni vya nani. Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua hatua zote zinazofuata.

Nasema hivi kwa sababu ya neno moja linalotoka haraka mno midomoni mwa mafundi wetu: tufomati. Kompyuta inachelewa kuwaka, tufomati. Inaandika kwamba haioni diski, tufomati. Mara nyingi mashine inafufuka kweli, mteja analipa, fundi anasifiwa, na baada ya wiki chache ugonjwa uleule unarudi kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye chuma na Windows haikuwa na kosa. Tofauti ni kwamba sasa mafaili hayapo. Ukimkabidhi fundi mashine, mwambie kabla hajagusa kitu: “Papa, usifomati chochote mpaka tuwe tumenakili.” Akikasirika, tafuta mwingine.

Sasa, je, ni diski kweli? Mambo kadhaa huigiza kifo chake. Kompyuta ikiandika kwamba hakuna kifaa cha kuwashia, angalia kwanza kama kuna flashi imesahauliwa pembeni. Inachekesha, lakini mafundi wamekwisha kulipwa kwa kuchomoa flashi. Mashine za mtumba, nyingi zikiwa zimepita mikono kadhaa kabla ya kufika Ituri, huwa pia na betri ndogo ya saa iliyokufa. Zikikaa bila umeme zinasahau tarehe na mipangilio, halafu zinaitafuta diski kwa njia ambayo Windows haikuwekewa. Ukiona tarehe imerudi miaka mingi nyuma, shuku betri hiyo. Inafanana na sarafu na bei yake ni ndogo. Zaidi ya hapo kuna waya bapa unaounganisha diski na ubao mkuu katika aina nyingi za kompyuta. Barabara yetu inatikisa vitu, na waya huo hulegea. Kama unajua kufungua kifuniko cha chini, zima, toa betri kubwa, chomoa diski, irudishe kwa uthabiti, jaribu mara moja. Mara moja tu.

Kama si hayo, na bado hujaisikia ile tak, tak, tak, tumia masikio. Weka sikio karibu na pembe ambayo diski imelala, halafu washa. Diski nzima hutoa mvumo wa chini unaopanda kisha kutulia, na mlio mdogo mmoja wakati vichwa vinapokwenda kulala si ugonjwa. Mlio wa kugonga unaojirudia kwa mpigo sawa, kisha mzunguko kusimama, maana yake vichwa vinatafuta njia na haviioni. Mlio mwembamba kama wa mdudu bila mzunguko wowote mara nyingi ni vichwa vilivyonata juu ya sahani au mota iliyokwama. Kimya kabisa huenda ni bodi ya umeme iliyoungua, hasa kama jenereta ya jirani ilipandisha umeme ghafla jana yake. Hizo tatu zote si kazi ya nyumbani. Lakini ukisikia mvumo wa kawaida na tatizo lako ni kwamba kompyuta inaganda, inafungua folda moja kwa dakika tano, au faili moja linakataa kunakiliwa, una bahati: diski inakufa polepole na bado una nafasi.

Kuna tahadhari moja kuhusu kugonga. Diski ya mpakato inakula volti 5 tu, ndiyo maana unaweza kuiweka kwenye kasha la USB na kuisoma kwa kompyuta nyingine. Lakini inapoanza kuzunguka huweza kuhitaji karibu ampea 1 nzima, na tundu la USB la zamani linaahidi nusu ya hiyo. Diski isiyoshiba umeme hugonga vilevile kama inayokufa. Kama mlio umeanza ulipoiweka kwenye kasha, tumia waya wenye miguu miwili au tundu jipya zaidi kabla ya kuitangazia msiba.

Kompyuta nyingi zina kipimo chao wenyewe ambacho hakihitaji Windows. Kwenye HP gonga Esc mara kwa mara pale tu unapowasha, kisha F2. Kwenye Dell bonyeza F12 uchague sehemu ya uchunguzi. ThinkPad nyingi za miaka ya karibuni zinatumia F10. HP ikikuandikia 3F0 haioni kifaa cha kuwashia. Dell ikitoa 2000-0142, diski imeshindwa mtihani wake yenyewe. Andika namba hizo kwenye karatasi, kwa sababu fundi wa mjini atakuamini zaidi ukimpa namba kuliko ukimwambia “inasumbua”.

Windows ikiwa bado inawaka, programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo inasoma kumbukumbu ambazo diski hujiandikia kuhusu afya yake. Usibabaishwe na orodha ndefu. Mistari unayoihitaji ni 05, C5 na C6. Wa kwanza unahesabu vipande vilivyoharibika na kuhamishiwa akiba. C5 ni vipande vinavyosubiri hukumu, na C6 ni vile visivyosomeka kabisa. Sifuri ni njema. Namba yoyote katika C5 au C6 inamaanisha nakili leo. C7 ikipanda peke yake, rudi kwenye ule waya bapa. C0 inahesabu mara ambazo diski ilikatiwa umeme ikiwa kazini, na kwenye mashine ya mtumba yenye betri iliyokufa, inayotegemea jenereta inayozimika mafuta yakiisha, usishangae ikiwa kubwa. Programu hiyo huonyesha namba kwa hesabu ya kumi na sita, kwa hiyo ibadilishe kwenye mipangilio iwe ya kawaida kabla hujaogopa.

Wapo wanaosema ukiona taa ya buluu hapo uko salama. Hapana. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa kazini. Waliona kwamba diski ikionyesha kosa la kwanza la kusoma inapokaguliwa, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa. Lakini waliona pia kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya dalili nne kubwa. Kwa hiyo taa nyekundu uiamini, ya buluu usiipe dhamana.

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, yaani kunakili, na hapa ndipo haraka inapoharibu. Kwanza, usiendeshe chkdsk. Windows yenyewe itakuomba uiruhusu “irekebishe” diski, na wengi wanabonyeza ndiyo. Programu hiyo hutengeneza orodha ya mafaili, na ili kuitengeneza inaandika juu ya diski mgonjwa na kukata vipande isivyovielewa. Baada ya kunakili, fanya utakavyo. Kabla yake, usiandike hata herufi moja juu ya diski hiyo, wala usiweke humo programu ya kuokoa mafaili.

Pili, tayarisha umeme. Nakala ya diski ya gigabaiti 500 ambayo ni mgonjwa inaweza kuchukua usiku mzima au zaidi. Umeme wa Budana, mtambo uliojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya migodi ya Kilo-Moto, haukupangwa kwa ajili ya kiosko chako, na paneli ndogo ya jua yenye betri moja haifiki alfajiri. Tumia kompyuta yenye betri nzima, hesabu mafuta ya jenereta, au kubali kufanya kazi hii Bunia kwa mtu mwenye umeme wa uhakika. Programu nitakayokutajia inakumbuka ilipofikia, kwa hiyo umeme ukikatika utaendelea, lakini kuzima na kuwasha mara kwa mara kunaichosha diski.

Tatu, pata mahali pa kuwekea. Diski ya nje iwe kubwa kuliko ile mgonjwa, na isiwe ya mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalozidi gigabaiti 4. Kuwa macho na flashi za “terabaiti 2” zinazouzwa kwa bei ya soda chache. Nyingi ni za gigabaiti chache zilizodanganywa zijitaje kubwa. Zinapokea mafaili yako yote bila malalamiko, kisha ukiyafungua ni matupu. H2testw, programu ndogo ya Kijerumani, huijaza flashi nzima na kuisoma tena, na itakuambia ukubwa wake halisi. Ipime hivyo kabla, wala usiipime ikiwa tayari ina vitu vyako.

Ukiwa na hayo, ukiwa Bunia penye intaneti nzuri pakua SystemRescue, mfumo wa Linux wa bure unaowaka kutoka flashi, uuandike kwenye flashi ya gigabaiti 4 kwa programu ya Rufus. Itabidi uzime kinga ya Secure Boot kwenye mipangilio ya kompyuta. Ikiwaka, andika startx (kwenye vitufe vyako bonyeza stqrtx) ili madirisha yafunguke, kisha fungua dirisha la kuandikia amri, na hapo utakutana na kioja: kibodi yako ni ya Kifaransa, yenye AZERTY, ila mfumo unadhani ni ya Kimarekani. Bonyeza herufi kama zilivyochapwa kwenye vitufe vyako: setxkb,qp fr. Kwenye kioo itaonekana setxkbmap fr, na kuanzia hapo kibodi itakutii.

Andika lsblk uone majina ya diski na ukubwa wao. Tulia hapa. Ukichanganya diski mgonjwa na ile ya kupokelea, utanakili utupu juu ya mali. Tuseme mgonjwa ni sda na diski ya nje umeifungua kwenye /mnt. Amri ya kwanza ni hii:

ddrescue -d -n /dev/sda /mnt/nakala.img /mnt/nakala.map

Inasoma kwanza sehemu rahisi zote na kuruka penye ugumu, jambo ambalo kunakili kwa kawaida hakufanyi, kwa maana Windows ikifika kwenye kipande kibovu hukazania hapohapo mpaka diski ife. Ikimaliza, rudia amri ileile ukiweka -r3 badala ya -n, nayo itarudi kwenye mabaki mara tatu. Faili la map ndilo kumbukumbu ya ilipofikia, usilifute. Diski ikianza kugonga katikati ya kazi, simamisha kwa Ctrl na C. Asilimia 95 mkononi ni bora kuliko mia unayoiota.

Kisha diski mgonjwa iweke kando na ufanye kila kitu kwenye nakala. Kama folda hazifunguki, TestDisk hurudisha mgawanyo uliopotea, na PhotoRec huokota mafaili moja moja hata pasipo orodha, ila bila majina yake ya asili. Zote mbili ni za bure na ni kazi ya Mfaransa Christophe Grenier. Utapata maelfu ya mafaili yenye majina ya namba, na kuyachambua ni kazi ya siku kadhaa. Anza na hati za Word, picha baadaye.

Kizuizi kimoja hakitatuliki kwa ujanja. Kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 hufunga diski kwa BitLocker bila mwenyewe kujua. Ukiihamishia diski kwenye mashine nyingine, au ukigusa ile Secure Boot, utaulizwa ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeiweka kompyuta tayari mara ya kwanza, ambaye kwa mtumba anaweza kuwa mtu wa nchi nyingine kabisa. Kwa hiyo kama mashine yako ni nzima leo, ingia kwenye mipangilio, angalia kama kufuli hiyo ipo, na uandike ufunguo kwenye daftari.

Kwa diski inayogonga au iliyo kimya, uamuzi ni wa pesa. Kuifungua kunataka chumba kisicho na vumbi na vichwa vya akiba vya aina ileile. Chembe moja ya vumbi jekundu la barabara ya Iga ni kubwa mara mamia, hata maelfu, kuliko ile nafasi ya kichwa na sahani. Anayekuambia ataifungua hapa mezani, mnyang'anye. Ushauri wa kuiweka kwenye friza nao uache, kwa sababu ikitoka inatoa jasho ndani. Kama kilichomo hakina thamani ya mamia ya dola, kilie na uendelee na maisha. Kama kinayo, usiiwashe tena. Ifunge kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, izungushie nguo nene, na umpe mtu anayesafiri ndani ya gari aipeleke kwa wenye chumba kama hicho, akiibeba mapajani. Usiifunge nyuma ya pikipiki ya motari. Vivyo hivyo kwa kompyuta nzima: kabla ya kupanda pikipiki izime kabisa, kwa sababu ukifunga kifuniko tu diski inaweza kuwa bado inazunguka njia nzima.

Ukinunua mpya, chukua SSD, hata ndogo. Haina sahani wala kichwa, mtikisiko hauidhuru, haila umeme mwingi, na mashine ya mwaka 2012 inakuwa nyepesi ajabu. Pima ya zamani kwanza. Ikiwa ni ya inchi 2.5 yenye waya wa SATA, utaipata kirahisi, na unene wa milimita 7 huingia karibu kote. Ikiwa ni kipande chembamba cha M.2, nenda nacho dukani, maana zipo aina mbili zinazofanana kwa umbo na hazibadilishani. Ila SSD haigongi wala haivumi kabla ya kufa. Unaamka asubuhi, haipo, na mafaili uliyofuta humo kwa kawaida hayaokoleki. Ukiuziwa diski ya kawaida “mpya”, soma mstari wa 09 kabla ya kulipa: unahesabu saa ilizofanya kazi, na mwaka mmoja bila kuzimwa ni saa 8,760.

Kwa sekretariati naona mpango huu unatosha: kila Jumamosi nakili folda ya wateja kwenye diski ya nje isiyokaa imechomekwa, na mara moja kwa mwezi peleka nakala ya pili Bunia, kwa ndugu au parokia, kwa sababu moto na wezi hawachagui, na wanaokimbia usiku hawabebi kompyuta.

Inabaki diski iliyokufa. Usiitupe na usimwachie fundi kama “vipuri”, kwa maana kadi za watu bado zimo na mwenye vifaa anaweza kuzisoma. Ivunje. Sahani za diski za mpakato mara nyingi ni za kioo, hivyo izungushie gunia, vaa kitu machoni, piga nyundo katikati mpaka usikie vipande vikicheza ndani, na ulizike gunia hilo mbali na pale watoto wanapochezea.